Frederick Soddy

Frederick Soddy (2 Septemba 1877 – 22 Septemba 1956) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Uingereza. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921 kwa kazi yake juu ya elementi nururifu na isotopi. Anakumbukwa pia kama mmoja wa watu wa kwanza kudai kwamba uchumi lazima utii kanuni za fizikia. Wazo hilo leo ni sehemu ya msingi wa uchumi unaojali mazingira.

Maisha

Soddy alizaliwa mjini Eastbourne, kusini mwa Uingereza. Alisoma Aberystwyth katika Wales, halafu kwenye Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1900 alihamia Kanada kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Huko yeye na Ernest Rutherford walionyesha kwamba elementi nururifu hubadilika zenyewe kuwa elementi nyingine huku zikitoa nishati.

Kuanzia 1904 hadi 1914 alifundisha Glasgow. Akiwa huko, mwaka 1913 alieleza isotopi, yaani atomi za elementi ileile zenye tabia sawa za kikemia lakini zenye uzito tofauti. Baadaye alikuwa profesa Aberdeen, na kuanzia 1919 Oxford. Alimwoa Winifred Beilby mwaka 1908. Mkewe alifariki mwaka 1936, na mwaka huohuo Soddy alistaafu. Alifariki mjini Brighton.

Mawazo ya kiuchumi

Vita Kuu ya Kwanza ilimgeuza. Henry Moseley, mwanafizikia kijana aliyetarajiwa kufanya makubwa, aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915. Soddy alianza kuuliza kwa nini sayansi inaongeza uwezo wa binadamu wa kuzalisha, lakini umaskini na vita vinaendelea. Jibu alilitafuta katika mfumo wa fedha. Kitabu chake kikuu juu ya jambo hilo ni Wealth, Virtual Wealth and Debt (1926).

Hoja yake ilianzia kwenye themodinamiki, tawi la fizikia linalohusu joto na nishati. Nishati haiumbwi wala haipotei, lakini kila inapotumika sehemu yake husambaa kama joto lisiloweza kufanya kazi tena. Chakula kikishaliwa na kuni zikishaungua, hazirudi. Maisha yote hutegemea nishati ya jua inayoingia kila siku. Makaa ya mawe ni akiba ya jua la zamani, na anayeyachoma anakula akiba.

Utajiri halisi, kwa mujibu wa Soddy, ni vitu vilivyotengenezwa kwa nishati hiyo, navyo huoza, huchakaa au huliwa. Deni ni namba tu. Haliozi, na kwa riba juu ya riba linaweza kukua bila kikomo. Alitoa mfano wa nguruwe: idadi ya nguruwe anaoweza kufuga mtu ina mpaka kwa sababu wanahitaji banda na chakula, lakini nguruwe anaodaiwa wanaweza kuongezeka kwenye karatasi bila mpaka. Madai yakizidi mno utajiri uliopo, matokeo ni mfumuko wa bei, kufilisika au kutolipwa kwa madeni. Kwa hiyo alipendekeza benki za biashara zizuiwe kuumba fedha kwa njia ya mikopo.

Mfano wa njia ya misafara

Tofauti hiyo kati ya deni na utajiri inaonekana pia katika historia ya Tabora. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wafanyabiashara wengi walichukua vitambaa, shanga na bunduki kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar. Tippu Tip, kwa mfano, alikopeshwa na Taria Topan. Madeni yalilipwa hasa kwa pembe za ndovu.

Riba huongezeka kwa kalenda. Tembo jike hubeba mimba kwa takriban miezi 22, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja. Tembo walipopungua Unyamwezi, misafara ilizidi kusonga magharibi, hadi Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika daftari la mkopeshaji biashara ilikuwa inakua. Kwa hesabu ya Soddy, akiba ilikuwa inaliwa.

Mbung'o walizuia matumizi ya wanyama wa mizigo, hivyo pembe zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Nguvu yao ilitokana na mtama na mahindi ya vijiji vya njiani, yaani jua la msimu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi hiyo ilichukuliwa na treni za mvuke.

Swali hilohilo lipo leo katika misitu ya miombo ya mkoa huo. Mti unaochomwa kukausha tumbaku au kutengeneza mkaa hutoa mara moja nishati iliyokusanywa kwa miaka mingi. Asali ya miombo hiyohiyo huvunwa kila msimu maadamu miti imebaki.

Mapokezi na athari

Wanauchumi wengi wa wakati wake walimpuuza, wakimwona mwanakemia aliyeingilia fani isiyo yake. Baadhi ya maandishi yake juu ya fedha yalikosolewa pia kwa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi.

Mwaka 1971 Nicholas Georgescu-Roegen, mwanauchumi mzaliwa wa Romania, alitoa kitabu kikubwa kuhusu uchumi na kanuni ya pili ya themodinamiki. Mwanafunzi wake Herman Daly wa Marekani alirudisha jina la Soddy kwa wasomi mwaka 1980. Daly alitetea uchumi usiotumia misitu, samaki na udongo haraka kuliko vinavyojirudisha.