Bibi Salme: Mapenzi ya Miaka Minne, Ujane wa Miaka Hamsini na Mitatu

Katika visa vya mapenzi vinavyosimuliwa barazani hapa kwetu pwani, kisa cha Bibi Salme binti Said hakikosi. Msimulizi huanza na binti wa Sultani aliyependana na Mzungu jirani yake, nyumba zao zikitazamana. Huendelea na usiku ule wa kutoroka kwa manowari, kisha akanyamaza, kana kwamba bibi huyo alipopanda merikebuni ndipo maisha yake yalipokwisha.

Mimi nimekisikia kisa hicho tangu utotoni, na kila nikikisikia hukiona kimekatwa kichwa na miguu, kikabakishwa kiwiliwili tu. Tangu kutoroka kwake mpaka kifo cha mumewe ilipita miaka minne. Ujane uliofuata ulidumu zaidi ya miaka hamsini na mitatu. Basi leo, wasomaji wapenzi, nataka nikisimulie kisa kizima, maana mafunzo yake yako katika sehemu isiyosimuliwa.

MTOTO WA MTONI

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule yule aliyeutwaa mji wa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkesi wa milima ya Kaukasi. Alitekwa vitani angali mtoto mdogo, akatengwa na jamaa zake na asiwaone tena. Binti yake naye alikuja kutengwa na jamaa zake, ingawa kwa njia nyingine kabisa.

Utoto wa Salme ulikuwa wa raha. Palikuwa na bustani, tausi, farasi wa kupanda asubuhi na jioni, na ndugu wa kucheza nao wengi. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Omani, aliacha watoto thelathini na sita, waume kwa wake. Ndugu hao walikuwa wa baba mmoja, lakini mama zao walitoka Uhabeshi, Uturuki, Kaukasi na kwingineko, na kila mama alikuwa na lugha yake na wafuasi wake. Aliyezoea nyumba ya wake wengi hahitaji kuelezwa zaidi.

KALAMU YA SIRI

Wanawake wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Watu wa zamani walichelea kwamba mwanamke akijua kuandika atapeleka barua pasipotakiwa. Salme hakuridhika. Alichukua bega la ngamia, ule mfupa mpana uliotumika mahali pa ubao, akatafuta wino na kalamu ya mwanzi, akaanza kunakili herufi za msahafu, moja moja, kwa siri. Sisi tuliopitia chuoni, tuliooshwa vidole vyetu na wino wa masizi, tunajua herufi ya kwanza ilivyo nzito hata kwa mtoto mwenye mwalimu wa kumshika mkono. Yeye alianza bila mwalimu.

Nimeyakalia mambo haya kwa sababu kalamu hiyo ndiyo iliyomponza, na kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumfaa.

FITINA YA NDUGU

Baada ya Sayyid Said, ufalme wa Unguja ulishikwa na Sayyid Majid. Sayyid Barghash, mdogo wake, hakukubali. Mwaka 1859 alipanga njama ya kumpindua, akiungwa mkono na baadhi ya dada zake, na mbele yao wote alikuwa Bibi Khole, aliyependwa mno na Salme. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na mama yake alikuwa amefariki mwaka ule ule kwa kipindupindu. Alimpenda Majid, aliyemlea kama baba, lakini hakuweza kumkatalia Khole. Na kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa karani wa njama ile. Barua za kuwaita watu na kuagiza silaha zilitoka mkononi mwa msichana huyo.

Majid alipoizunguka nyumba ya Barghash kwa askari, dada zake walimwendea usiku, wakamvika nguo za kike, wakampitisha katikati ya askari ambao hawakuthubutu kuwafunua wanawake wa kifalme. Akakimbilia shamba la Marseilles na kujenga ngome. Majid alisaidiwa na Waingereza, na uasi ukavunjwa kwa siku chache. Barghash alipelekwa Bombay. Wanawake Majid aliwasamehe.

Baadaye Salme alipatana na Majid. Kupatana huko kuliudhi upande wa pili. Khole alimkasirikia, na Barghash hakusahau. Mtu aliyekuwa na ndugu tele akajikuta mpweke, akihama shamba hadi shamba, mpaka aliporudi mjini na kukaa jirani na nyumba ya Mjerumani.

USIKU WA SIKU YA MWAKA

Mjerumani huyo aliitwa Heinrich Ruete, mtu wa Hamburg, wakili wa nyumba ya biashara ya Hansing. Walijuana, wakapendana, na Salme akashika mimba. Hapa sina haja ya kupamba. Kwa sheria yetu mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiyekuwa Mwislamu, na mimba ile, kwa binti wa Sultani, ilikuwa hatari ya roho. Alisaidiwa na mke wa daktari Seward, aliyekuwa akishika kazi za ubalozi wa Uingereza. Mwezi wa Agosti, 1866, wakati watu wakisherehekea Siku ya Mwaka na wanawake wakienda pwani usiku kuoga, alishuka pwani pamoja nao, akachukuliwa kwa mashua hadi manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Alikuwa akikaribia miaka ishirini na miwili.

Alikaa Aden miezi mingi akimngoja Ruete, aliyebaki Unguja kumaliza shughuli zake. Mtoto wao wa kwanza, mwanamume, alizaliwa huko Desemba, 1866. Tarehe 30 Mei, 1867, Ruete alipowasili, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, wakasafiri. Mtoto yule hakufika Ujerumani. Alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa.

HAMBURG

Tafakari, msomaji, mwanamke aliyezoea jua, ukumbi wazi na sauti za watu usiku kucha, akiingia nchi ya baridi na milango iliyofungwa, asijue lugha, akikodolewa macho njiani. Mume alikuwa ndiye lugha yake na ukoo wake. Walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Binti wawili hao aliwapa pia majina ya Kiarabu, Thawka na Ghuza.

Agosti, 1870, mumewe alipata ajali ya tramu ya farasi, akafariki baada ya siku chache. Mtoto wa mwisho alikuwa na umri wa miezi tu. Miezi miwili baadaye Sayyid Majid naye akafariki Unguja, na kiti kikakaliwa na Sayyid Barghash. Basi katika mwaka mmoja Salme alipoteza mume aliyemtoa kwao, na ndugu ambaye pengine angalimpokea.

Hapo ndipo kalamu ilipomfaa. Mali ya mume haikutosha. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta maisha ya gharama nafuu, akasomesha Kiarabu ili kulea watoto. Na akaandika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na miaka miwili baadaye kwa Kiingereza. Ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana cha mwanamke wa Kiarabu kusimulia maisha yake mwenyewe. Mambo ya ndani ya Mtoni na Beit al-Sahel, sherehe, vyakula, mavazi, maradhi na mashindano ya wake, tunayapata kwake. Wageni waliandika juu ya bandari na bei ya pembe, lakini mlango wa ndani hawakuupita.

KURUDI PASIPO KURUDI

Mwaka 1875 Sayyid Barghash alizuru London. Salme alivuka kwenda kumtafuta. Mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, akamsihi asijitokeze, kwa ahadi kwamba watoto wake watatazamwa. Alikubali kwa ajili ya watoto. Ahadi haikutimizwa.

Mwaka 1885 aliirudia Unguja, baada ya miaka kumi na tisa, lakini si kwa heri. Wajerumani walikuwa wakinyang'anya bara kwa mikataba ya hila, Barghash akapinga, nao wakaleta manowari mbele ya jumba lake. Salme na watoto wake walikuja pamoja na manowari hizo. Bismarck alimfanya kete ya bao: akifaa asukumwe mbele, asipofaa aachwe. Watu wa mji walimwamkia njiani na kumzunguka kwa furaha. Ndugu yake hakumwita. Barghash alipotoa alichotaka Wajerumani, haja ya Salme haikuwapo tena, akarudishwa mikono mitupu. Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshafariki, na hakupata kitu.

Juu ya mirathi sheria iko wazi, kwamba Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani, na Barghash alikuwa na hoja. Lakini kumjulia hali dada si mirathi. Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, aliruhusiwa. Sayyid Barghash aliuletea mji wa Unguja maji ya mifereji, na watu wakamwombea dua kwa hayo. Moto wa nyumbani kwake hakuumwagia hata kata moja.

Salme hakurudi Ujerumani upesi. Alikaa Jaffa na kisha Beirut mpaka mwaka 1914, miaka kama ishirini na mitano, mahali ambapo angalau adhana ilisikika na Kiarabu kilisemwa. Siwezi kuamini kuwa aliuchagua mji ule bila sababu. Kitabuni amekiri kwamba dini mpya haikumkaa moyoni kama ile aliyozaliwa nayo, na katika barua zake zilizochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, majuto hayo yanazidi.

SWALI LA KIVAA

Kisa hiki nimepata kukisimulia pia mbali na bahari, huko Kivaa, upande wa Masinga katika Machakos, kwa wenyeji waliotaka habari za pwani. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mwalimu mmoja mzee akauliza jambo ambalo barazani kwetu haliulizwi: raha ile ya Mtoni ililipiwa na nani?

Ni swali la haki. Katika zama za Sayyid Said, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Tajiri wao mkubwa, Kivui wa Mwenda, alijulikana pwani nzima. Kila pembe iliyopita forodhani ilimwachia Sayyid ushuru wake. Na Unguja kwenyewe karafuu zilichumwa na watumwa, Waafrika waliotolewa makwao kwa nguvu. Salme aliandika sura nzima ya kuutetea utumwa, akidai kuwa Waafrika walikuwa wavivu na kwamba Wazungu hawaelewi. Binti wa mama aliyetekwa utotoni hakuyaona machozi ya waliotekwa wengine. Mimi simtetei katika hilo. Huko Hamburg kiwanja kilipewa jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata wenye mji wakaamua kuliondoa, kwa sababu ya maneno hayo hayo. Kalamu haisahau jema wala baya.

MCHANGA WA PWANI

Bibi Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924, akikaribia miaka themanini. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokitunza miaka yote hiyo, nacho kikazikwa naye. Mwanawe, Rudolph, aliandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kikatoka mwaka 1929.

Wako watakaoniuliza kwa nini nimkumbuke mtu aliyetoka katika dini. Nawajibu kwamba yaliyokuwa moyoni mwake pumzi ya mwisho anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, na hukumu si yangu wala yako. Langu ni kusema kwamba anayewasimulia binti zake usiku wa manowari tu, akaacha ujane, watoto watatu, ahadi za wakubwa zilizovunjwa na mlango wa ndugu uliofungwa, amewadanganya. Na anayesimulia aibu tu, akaliacha bega la ngamia na herufi zilizonakiliwa kwa siri, naye amewadanganya vile vile. Wapewe kisa kizima, kisha wafundishwe kuandika.