Mjue Dokta Williamson wa Mwadui, na siri iliyomo ndani ya almasi

Kila aliyekulia Shinyanga kalisikia jina la Williamson, ila wengi tunaishia kwenye jina tu. Mimi nimeishia fomu foo, lakini fizikia naipenda, kwa hiyo leo nampa mzee huyu haki yake na kemia juu!

John Thoburn Williamson alikuwa Mkanada, kazaliwa 1907 kule Quebec. Alisoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka akapata udaktari. Akaja Afrika, akafanya kazi kwenye kampuni ya almasi hapa Tanganyika. Kampuni ilipokata tamaa, yeye akabaki akitafuta kivyake. Pesa ikamwishia, malaria ikamsumbua, jamaa hakuondoka. Mwaka 1940 akapata Mwadui! Mgodi wenyewe una ukubwa wa hekta kama 146.

Haikuwa ramli. Wataalamu wa almasi hufuata vijiwe vidogo kama ilimenaiti na ganeti, ambavyo hutoka kwenye mwamba uleule wa kimbalaiti. Yaani kidogo ndicho kinachokuonyesha kikubwa.

Sasa ingia ndani ya almasi yenyewe. Ni atomi za kaboni zilizoshikana, na zote zinatetemeka muda wote. Fikiria wacheza ngoma walioshikana mikono. Akiingia mmoja mwenye uzito tofauti, mdundo unabadilika pale alipo. Kaboni ina uzito wa 12, naitrojeni 14, boroni 11. Wageni hawa wakiingia, wataalamu wanamulika jiwe kwa mwanga wa infraredi, na mitetemo inawataja nani kaingia na kakaa vipi.

Naitrojeni inaweza kuipa almasi rangi ya njano. Boroni inaifanya iwe ya bluu na ipitishe umeme, yaani almasi inageuka semikondakta! Na boroni hiyo mara nyingi haifiki hata sehemu 1 katika milioni. Wadau wa Geita hesabu hii mnaijua: gramu 1 ya dhahabu kwenye tani 1 ya mawe ndiyo hiyohiyo sehemu 1 katika milioni.

Mwaka 1947 Mwadui ikatoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Dokta akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6, na 1953 ikawekwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga: almasi nyingi za waridi hazipati rangi kwa atomi ngeni. Ni kwamba fuwele ilikandamizwa na kupindishwa huko chini ya ardhi.

Dokta hakuoa. Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo warithi wakauza mgodi, De Beers nusu, serikali ya Tanganyika nusu.

Mnaweza kusema alichukua mali yetu, na jiwe zuri kuliko yote likaenda Uingereza bila Msukuma yeyote kuulizwa. Ni kweli kabisa. Ila tusisahau kwamba watu walikuwa wakilima na kuchunga juu ya mali ile. Yeye alijua kuisoma ardhi, ndio maana akawa tajiri.

Leo kusoma huko kunafanyika hata kwa kompyuta. Unaondoa kaboni moja, unaweka naitrojeni, programu inapiga hesabu za nguvu kati ya atomi na kukupa mtetemo mpya kabla hujagusa jiwe. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure, na laptop ya kawaida inatosha kuanzia na fuwele ndogo. Almasi zinaweza kwisha, elimu haiishi. Tukiendelea kuchimba tu bila kusoma, jiwe lijalo nalo litaondoka hivihivi.

Wadau mnasemaje? Walimu wa fizikia wa Shinyanga na Geita, mpo? Tupieni maoni hapo chini!