John Thomson: Kipa aliyejitosa miguuni mwa fowadi na asiinuke tena

Victor Wanyama alipojiunga na Celtic ya Scotland mwaka 2011, Wakenya wengi walianza kuifuata klabu hiyo ya jiji la Glasgow bila kujua lolote kuihusu. Novemba 2012 walirukaruka mbele ya runinga Mkenya huyo alipofunga kwa kichwa dhidi ya Barcelona. Lakini mwulize shabiki sugu wa Celtic ni mchezaji gani wa zamani anayeimbiwa wimbo wa huzuni hadi leo. Hatakutajia mfungaji wa mabao. Atakutajia kipa aliyefariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 22 pekee.

Kipa huyo ni John Thomson. Alizaliwa Januari 28, 1909 mjini Kirkcaldy, eneo la Fife lililoko mashariki mwa Scotland, kisha akalelewa Cardenden, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Babake alikuwa mchimba migodi. Huko, mtoto wa kiume hakuulizwa angependa kuwa nani akikua. Alipotimiza miaka 14, John aliacha shule akaingia mgodini, kazi yake ikiwa ni kufungua minyororo ya mabehewa ya makaa chini kabisa ya ardhi. Jioni alicheza kandanda.

Klabu ndogo ya Wellesley Juniors ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1926 skauti wa Celtic alifika kumtazama kipa wa timu pinzani, lakini macho yakamganda kwa huyu wa Wellesley. Celtic ilimchukua kwa pauni 10 tu. Alikuwa na miaka 17. Wengi walifurahi pale nyumbani isipokuwa mamake, aliyehofia kwamba mwanawe angeumia vibaya langoni. Wakati huo huenda ilionekana ni hofu ya kawaida ya mzazi.

Februari 1927 alidakia kikosi cha kwanza, na kufikia Aprili tayari alikuwa na medali ya Kombe la Scotland, Celtic ilipoichapa East Fife 3-1. Hakuwa mrefu kwa kipimo cha makipa wa siku hizi. Alichokuwa nacho ni wepesi wa kuruka, mikono iliyoupokea mpira kana kwamba ni yai, na ujasiri wa ajabu. Fowadi akichomoka peke yake, Thomson hakusubiri langoni. Alitoka mbio na kujitosa kichwa mbele, akaunyakua mpira pale pale miguuni.

Hebu tuelewane hapa, maana ndiyo kiini cha habari hii. Kipa wa enzi hizo alikuwa kama mtu aliyetupwa barabarani. Sheria ilimruhusu fowadi kumsukuma kwa bega akiwa ameshika mpira, na akimwangusha nao ndani ya lango, bao halali. Viatu vilikuwa vigumu, virefu hadi kwenye kifundo. Mpira wa ngozi ukilowa maji ulikuwa mzito kama jiwe. Na hakukuwa na mchezaji wa akiba. Kipa akiumia, ama aendelee kudaka hivyo hivyo, ama mwenzake wa mbele avae jezi yake na timu ibaki na watu 10.

Thomson aliyajua haya kwa mwili wake. Februari 1930, katika mchuano dhidi ya Airdrieonians, alijitosa kama kawaida yake na akatoka akiwa amevunjika taya na mbavu, mfupa wa bega umeumia, meno mawili hayapo. Mamake alimsihi aachane na soka. Alikataa. Alipopona alirudi, na hakubadilisha chochote katika uchezaji wake.

Sioni kama ulikuwa ukaidi wa ujana. Kumwambia Thomson asijitose miguuni ilikuwa sawa na kumwambia mwanariadha wa mbio fupi asikimbie sana. Kile kilichomtofautisha na makipa wengine ndicho kilichomweka hatarini.

Na kwa muda ilionekana alikuwa sahihi. Mei 1930 aliichezea Scotland kwa mara ya kwanza, jijini Paris, wakailaza Ufaransa 2-0. Katika mechi zake nne za kimataifa alifungwa bao moja tu, na mojawapo ya mechi hizo ni ile ya 1931 uwanjani Hampden ambapo Uingereza ililala 2-0. Msimu huo Celtic ikatwaa tena Kombe la Scotland baada ya kuilaza Motherwell 4-2 katika mechi ya marudio. Kisha timu ikaenda ziara ya Marekani na Canada. Huko iliduwazwa na klabu ya Fall River, ambayo kipa wake, Joe Kennaway, aligoma kabisa kufungwa. Liweke jina hilo akilini.

Ikafika Jumamosi, Septemba 5, 1931. Celtic ilikuwa ugenini Ibrox kuvaana na Rangers. Ukitaka kuelewa joto la mchuano huo, waza Mashemeji Dabi, kisha uongeze dini na siasa. Celtic ilikuwa timu ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, Rangers ya Waprotestanti. Thomson mwenyewe alikuwa Mprotestanti, na mashabiki wa Celtic walimpenda bila kujali hilo. Watu takriban 80,000 walijaa uwanjani, mchumba wake akiwa miongoni mwao.

Kipindi cha kwanza kiliisha 0-0. Mapema katika kipindi cha pili, fowadi wa Rangers Sam English, kijana wa Ireland Kaskazini aliyekuwa amejiunga na klabu hiyo msimu huo huo, alipata upenyo na kubaki na kipa peke yake. Thomson alitoka, akajitosa. English alikuwa ameshainua mguu kupiga. Mpira ulikwenda nje, lakini kichwa cha Thomson kilikutana na goti la English.

Nyuma ya lango walisimama mashabiki wa Rangers, na baadhi yao walianza kushangilia na kuzomea. Nahodha wao, Davie Meiklejohn, alikimbia akawainulia mikono wanyamaze. Wakanyamaza. English, akichechemea, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kung'amua kwamba haya si maumivu ya kawaida, akapunga mikono kuomba msaada. Thomson alitolewa kwa machela, kichwa kimefungwa bendeji. Chic Geatons, ambaye hakuwa kipa, alivaa jezi ya langoni na mchuano ukaendelea hadi mwisho. Ulikwisha 0-0. Leo hakuna atakayekumbuka matokeo hayo.

Hospitalini Victoria Infirmary madaktari waligundua kwamba mfupa wa fuvu ulikuwa umevunjika na kubonyea ndani. Walimfanyia upasuaji wa dharura kupunguza shinikizo kwenye ubongo. Haikusaidia. Saa tatu na dakika 25 usiku huo alikata roho.

Mazishi yalikuwa kijijini Cardenden. Takriban watu 30,000 walifika. Vibarua na watu wasio na ajira (na mwaka 1931 walikuwa wengi sana) hawakuwa na nauli ya treni, kwa hivyo baadhi yao walitembea kwa miguu kutoka Glasgow, karibu kilomita 90. Ni kama kutoka Nairobi hadi Naivasha, na usiku walijilaza njiani.

Uchunguzi rasmi ulifanywa mwezi uliofuata, na uamuzi ukawa kwamba ilikuwa ajali. Picha za filamu za siku hiyo bado zipo, na ukizitazama utaona wanaume wawili wakiufuata mpira mmoja, kila mmoja akifanya kazi anayolipwa kufanya. Mkufunzi wa Celtic, Willie Maley, alipoulizwa katika uchunguzi huo, alisema anatumai ilikuwa ajali, ila yeye hakuona vizuri. Kwa maoni yangu angeweza kuchagua maneno bora. Tone hilo la shaka lilimfuata Sam English kwa miaka.

Celtic ilihitaji kipa. Ikamkumbuka yule wa Fall River, Joe Kennaway, akavuka bahari na kulinda lango hilo hadi vita vya 1939 vilipozuka.

Je, kifo cha Thomson kilibadilisha sheria? Si papo hapo. Hakukuwa na rafu ya kuadhibu, sasa ungekataza nini? Ilibidi wengine waumie. Februari 1936 kipa wa Sunderland, Jimmy Thorpe, naye wa miaka 22, alipigwa mateke kichwani na kifuani akiwa ameukumbatia mpira katika mchuano dhidi ya Chelsea. Alimaliza mechi. Siku chache baadaye alifariki. Thorpe alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na klabu yake ililaumiwa kwa kumruhusu kucheza katika hali hiyo. Baada ya hapo wachezaji walikatazwa kumwinulia kipa mguu akiwa na mpira mikononi.

Bega lenyewe liliendelea kuruhusiwa. Mashabiki wa Manchester United wenye kupenda historia wanaijua fainali ya Kombe la FA ya 1957, pale Peter McParland wa Aston Villa alipomvaa kipa wao Ray Wood dakika ya sita tu na kumvunja mfupa wa shavu. United ilicheza na Jackie Blanchflower langoni, ikapoteza 2-1, mabao yote mawili ya Villa yakitoka kwa huyo huyo McParland. Mwaka uliofuata, fainali nyingine, Nat Lofthouse wa Bolton alimsukuma Harry Gregg na mpira wake hadi nyavuni. Refa akakubali bao. Ndipo polepole macho ya watu yakaanza kuchoka na mchezo huo, na ulinzi wa makipa ukazidi kukazwa.

Leo kipa akiwa na mpira mikononi, hata akiwa ameubana chini kwa kiganja kimoja, huruhusiwi kumsumbua. Wengine hulalamika kwamba tumewadekeza, kwamba kwenye kona fowadi akimgusa kipa kidogo tu filimbi inalia. Wana hoja. Soka bila kugongana ni dansi. Ila ukiangalia Thomson alivyokufa, utaona sheria ya bega au ya mateke isingemwokoa. Mpira haukuwa mikononi mwake. Ulikuwa wa yeyote atakayeufikia.

Hapo ndipo kisa cha Petr Čech kinapoingia. Oktoba 14, 2006, dakika ya kwanza ya mchuano dhidi ya Reading, kipa huyo wa Chelsea alijitosa chini kunyaka mpira na goti la Stephen Hunt likampata kichwani. Fuvu lilivunjika na kubonyea ndani, jeraha la aina ile ile, miaka 75 baadaye. Tofauti ni kwamba Čech alipona, akarudi uwanjani Januari 2007 akiwa na kofia ile nyeusi tuliyoizoea, na akaendelea kudaka hadi 2019. Aliokolewa na maendeleo ya udaktari. Chelsea ililalamika kwamba ambulensi ilichelewa, na Ligi Kuu ya Uingereza ikaweka kanuni kwamba kila uwanja uwe na ambulensi ya wachezaji pekee.

Kwangu mimi mizani inapatikana hapo: acha wagongane kwa haki, lakini akianguka mtu, kila kitu kiwe tayari. Sheria za sasa zinamtaka refa asimamishe mchezo jeraha likiwa baya, na kipa aliyeumia anatibiwa pale pale uwanjani bila kulazimishwa kutoka nje. Tangu 2021 kulikuwa na majaribio ya kuruhusu mchezaji wa ziada aingie pale mwenzake anaposhukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, na tangu 2024 mashindano yoyote yanaweza kuikubali kanuni hiyo. Geatons hangelazimika kusimama langoni.

Huku mitaani kwetu hayo bado ni ndoto. Kipa anajitosa kwenye murram, anapigwa goti, anamwagiwa maji ya chupa kichwani, anaambiwa ajikaze. Timu nyingi zina jezi mpya kabla ya kuwa na mtu hata mmoja anayejua huduma ya kwanza.

Na yule aliyebaki hai? Msimu huo huo wa 1931-32 Sam English alifunga mabao 44 ya ligi, rekodi ya Rangers ambayo haijavunjwa. Lakini kila alikokwenda walikuwepo wa kumzomea na kumwita muuaji. Mwaka 1933 alihamia Liverpool, akadhani Uingereza watamsahau. Hawakumsahau. Alizunguka klabu ndogo ndogo na kufikia 1938 alikuwa ameachana na soka, bado akiwa kijana wa chini ya miaka 30. Hunt naye alionja kidogo ya hayo, kila aliporudi mbele ya mashabiki wa Chelsea. Sheria nyingi zimeandikwa kumlinda kipa. Kwa fowadi wa ajali kama hii sijaiona hata moja.

English alifariki mwaka 1967 kwa maradhi ya neva. Mwaka 2009 Rangers ilianza kumtuza mfungaji wake bora wa ligi kila msimu bakuli la fedha lenye jina la Sam English.