Tata Raphaël: padri aliyepanga championa, wasupota wakaichukua

Kila championa ikianza, hapa Kisangani mambo ni yale yale. Mechi mbili tatu tu zimekwisha kuchezwa, lakini ukipita sokoni Jumatatu asubuhi utakuta wasupota wamekwisha kugawa kombe. Wa Malekesa, wa Nika, wa Makiso, kila mtu na hesabu yake. Mwenye ekipe iliyoanza vizuri anahesabu points kama vile msimu umefika mwisho. Mwenye ekipe iliyoanza vibaya anasema championa ni ndefu, kisha anatafuta mkosaji: leo ni kocha, kesho ni arbitri. Na watu wale wale wana roho ya pili, ya Kinshasa ao ya Lubumbashi: huyu V.Club, yule Motema Pembe, mwingine Mazembe. Wenye moto wanasimamisha kazi kidogo ili wasikilize.

Lakini ni nani aliyetuletea hii tabia ya kupanga ekipe kwa madivisheni, na kalenda, na kombe mwishoni? Kuna watu wengi katika historia hiyo. Mmoja jina lake liko juu ya uwanja mkubwa wa Kinshasa, na vijana wengi wanalitaja bila kujua alikuwa nani: Tata Raphaël.

Jina lake kamili lilikuwa Raphaël de la Kéthulle de Ryhove. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890, katika jamaa ya wakubwa. Aliacha utajiri wa kwao, akaingia katika shirika la mapadri wa Scheut. Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinapiganwa huko Ulaya, alifika Léopoldville, ile tunayoita leo Kinshasa. Kazi aliyopewa ilikuwa shule, na alianzisha mashule ambamo walipita vijana waliokuja kuwa makarani, walimu na, baadaye, wanasiasa. Mwaka 1925 aliwakusanya wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut katika chama kimoja, ADAPES. Chama hicho kilikuja kuwa mahali pa kwanza ambapo wengi wao walijifunza kuongoza mkutano na kuandika ripoti.

Padri huyu aliona jambo moja mapema. Léopoldville ilikuwa inajaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi. Siku ya Mungu, misa ikiisha, hawakuwa na la kufanya. Wakubwa wa koloni waliogopa vijana bila kazi, na kanisa liliogopa pombe na ngoma za usiku. Jibu la Padri Raphaël lilikuwa mpira. Mwaka 1919 chama cha michezo cha Wakongomani, Association Sportive Congolaise, kilianzishwa, na yeye ndiye aliyekisukuma. Baadaye kiliongezewa neno la heshima, Royale. Ekipe ziliandikishwa, kalenda ikapangwa, madivisheni yakafuata. Wachezaji wengi walicheza miguu mitupu, lakini watu walijaa.

Mwaka 1936 alianzisha ekipe ya Daring. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa Imana, na leo ni Daring Club Motema Pembe. Lakini tuangalie vizuri: mwaka mmoja mbele yake, 1935, Honoré Essabe na wenzake, Wakongomani, walikuwa wamekwisha kuanzisha ekipe yao wenyewe, Renaissance. Ilibadilisha majina mpaka ikafika kuitwa Victoria Club, kisha Vita Club. Basi mashindano ambayo bado yanagawa nyumba za Kinshasa, na hata za kwetu Boyoma, yalianza hivyo: upande mmoja ekipe ya padri, upande mwingine ekipe ya vijana waliojianzishia.

Ekipe zinataka uwanja. Mwaka 1937 ulifunguliwa uwanja wa Reine Astrid. Mwaka 1952 ukaja mkubwa zaidi, uliopewa jina la Mfalme Baudouin, wenye nafasi ya makumi ya maelfu ya watu. Padri Raphaël alikuwa katika kazi hizo zote. Alipenda vitu vikubwa, na alijua kuomba pesa kwa serikali na kwa makompanyi. Mwaka 1954, Léon Mokuna, mtoto wa championa ya Léopoldville, alikwenda kucheza Sporting ya Lisbon, Ureno. Haikuwa jambo dogo wakati ule.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa wakati wake na wa upande wake. Wazungu walikuwa na michezo yao na viwanja vyao, na Wakongomani vyao. Usiku Mkongomani hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mtaa wa Wazungu. Mpira ulipangwa ili kijana achoke, atii, arudi nyumbani na Jumatatu aende kazini. Chama kilikuwa cha Wakongomani kwa jina, lakini neno la mwisho lilikuwa la padri.

Hapo ndipo hesabu yake ilimshinda, yeye na serikali ya koloni. Vyama vya siasa havikuwa na ruhusa. Mikutano ya watu weusi ilichunguzwa. Lakini siku ya Mungu, uwanjani, maelfu ya Wakongomani walikaa pamoja, wakapiga kelele pamoja, wakamhukumu arbitri pamoja, na hakuna aliyewauliza barua ya ruhusa. Mtu aliyezoea kusema kwa sauti kwamba goli lile lilikuwa halali, siku moja atasema kwa sauti mambo mengine pia.

Padri Raphaël alikufa mwaka 1956, kwa hiyo hakuona yaliyofuata. Mwezi wa 6 mwaka 1957, ekipe ya Union Saint-Gilloise kutoka Ubelgiji ilikuja kucheza na ekipe ya Léopoldville katika uwanja ule ule. Arbitri mzungu alikataa magoli ya Wakongomani, wenyeji wakashindwa, na watu walipotoka wakapiga magari ya Wazungu mawe. Kisha ikaja tarehe 4 Januari 1959. ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu, kilinyimwa ruhusa ya kufanya mkutano wake kwenye YMCA, na watu waliokuja walikataa kutawanyika. Mchana huo huo V.Club ilikuwa imeshindwa na Mikado uwanjani karibu na hapo. Wasupota walitoka na hasira yao ya mpira, wakakutana na hasira ya mkutano, na yote mawili yakawa kitu kimoja. Mji uliwaka siku kadhaa. Serikali ilihesabu wafu 49, Wakongomani wengi walisema ni mamia. Siku 9 baadaye, Mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itapata uhuru.

Uwanja nao ulipita katika majina. Baudouin akaondoka. Wakati wa Mobutu uliitwa Stade du 20 Mai, na hapo ndipo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, ulipewa jina la Tata Raphaël. Fikirieni vizuri: watu walifuta jina la mfalme, lakini jina la padri Mbelgiji waliliweka wenyewe. Nadhani ni kwa sababu waliokaa katika shule zake na kucheza katika ekipe zake waliona kwamba alichokileta kimekuwa chao, hata kama hakukileta kwa nia hiyo.

Sisi hapa Kisangani uwanja wetu ni Stade Lumumba, jina la mtu aliyefanya kazi posta katika mji huu kabla ya kwenda kudai uhuru. Majina mawili, mmoja alipanga watu wakae na kutii, mwingine aliwaambia wasimame. Na uwanja wa mpira unawabeba wote wawili.

Ndiyo maana msimu ukianza, ninapoona vijana wameshika mawe juu ya points tatu, ninaumia. Watu wa 1959 walikuwa na jambo kubwa nyuma ya hasira yao, na wengi walilipa kwa maisha. Arbitri wa leo ni mtoto wa Mangobo ao wa Kabondo, na gari linalovunjwa vioo ni la jirani. Tubishane, tutaniane, tuhesabu points zetu mpaka usiku. Hiyo ni haki ya msupota, na hakuna padri wala mkubwa atakayetunyima. Lakini mawe tuyaache chini. Championa bado ni ndefu.