Diego Rivera na tenga la maua

Kinyozi wangu hapa Mombasa ana kalenda ya zamani ukutani yenye picha ya Diego Rivera. Kwa miezi mingi niliiona kama pambo tu: maua ya zambarau, basi. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, nikaitazama vyema. Chini ya yale maua kuna mwanamume aliyepiga magoti, mikono chini, na tenga kubwa kumliko limefungwa mgongoni kwa kitambaa kilichopita kifuani kama mbeleko. Nyuma yake mwanamke anamsaidia ainuke. Rivera aliichora mwaka 1935, na iko San Francisco, Marekani.

Rivera alizaliwa Guanajuato, Mexico, mwaka 1886. Ujana wake mwingi aliumalizia Ulaya, akarudi kwao 1921 na kuchora kuta za majengo ya serikali: wakulima, wachimba migodi, mapinduzi. Kuta hizo ndizo zilizompa jina. Mimi navutiwa zaidi na maua.

Ua alilolirudia mno ni kala, lile jeupe lililojikunja mithili ya faneli, lenye kijiti cha manjano katikati. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Mexico ni mgeni. Hata hivyo Rivera aliliweka migongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi yake, wale waliolibeba hadi sokoni. Kwenye picha ya 1925, mchukuzi ameinamisha kichwa chini ya shehena yake ya kala, na wanawake wawili wamepiga magoti mbele yake. Picha ilishinda tuzo Los Angeles, jumba la makumbusho la huko likainunua. Mwaka 1944 akamchora mwanamke aliyetupa mgongo, amelikumbatia tenga zima.

Lakini mnunuzi wa maua yuko wapi? Katika picha hizo tatu hayumo. Rivera alikuwa mkomunisti, na matajiri wa Marekani walimpenda hivyo hivyo, hadi 1933 alipochora uso wa Lenin katika jengo la Rockefeller, New York, akakataa kuufuta. Alilipwa, akaondolewa kazini, na mwaka uliofuata ukuta ule ukabomolewa.

Maua hakuna aliyeyabomoa, ingawa naona yalisema jambo lile lile.

Alifariki Novemba 1957, Mexico City. Kalenda ya kinyozi imeshapitwa na miaka, lakini hajaibandua.