Gündüz Kılıç, kocha aliyeitwa Baba

Katika Kituruki, kama ilivyo katika Kiswahili, mzazi wa kiume huitwa baba. Ndilo jina ambalo mashabiki wa kandanda nchini Uturuki walimpa Gündüz Kılıç, mchezaji na baadaye kocha wa klabu ya Galatasaray ya Istanbul, aliyefariki dunia mwaka 1980.

Alizaliwa wakati dola ya Waosmani ikielekea ukingoni. Mzazi wake, Kılıç Ali, alikuwa miongoni mwa wandani wa Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa Jamhuri. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kutarajiwa kushika wadhifa serikalini. Yeye alichagua uwanja wa mpira.

Mwaka 1936 alikuwemo katika kikosi cha taifa kilichokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin, ambako Uturuki ilifungwa 4-0 na Norwei. Kisha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikafuta michezo miwili iliyofuata. Aliporejea, mjini London mwaka 1948, miaka 12 ilikuwa imepita. Hata hivyo alifunga mabao mawili Uturuki ilipoilaza China 4-0.

Mtihani mkubwa zaidi ulimkuta akiwa kocha. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1959, na katika misimu mitatu ya mwanzo Fenerbahçe walitwaa ubingwa mara mbili na Beşiktaş mara moja, huku Galatasaray wakibaki mikono mitupu. Kılıç aliondoa fedheha hiyo mwaka 1962. Msimu uliofuata Metin Oktay, aliyerudi kutoka Palermo ya Italia, alipachika mabao 38 katika ligi, na klabu ikatwaa ubingwa pamoja na Kombe la Uturuki, lililoshindaniwa kwa mara ya kwanza.

Msimu huohuo Galatasaray walifika robo fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Hapo walikutana na Milan, waliowafunga 3-1 mjini Istanbul na 5-0 nchini Italia, kisha wakaenda kulinyakua kombe lenyewe. Waliotamba nyumbani walitambua kwamba safari ya Ulaya ingali ndefu.

Safari hiyo ilifika mwisho mwaka 2000, Galatasaray walipoishinda Arsenal mjini Copenhagen na kuwa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa kombe la Ulaya. Baba alikuwa kaburini miaka 20.