Ibn al-Haytham na chumba cha giza

1. Mto unaoanzia karibu nasi

Mtaa wa Muhumba uko katika mji wa Bukavu, kando ya ziwa Kivu. Ng'ambo ya maji, watoto wa Muhumba huiona milima ya Rwanda. Huko milimani kuna msitu mkubwa uitwao Nyungwe. Mvua ikinyesha juu ya msitu ule, maji yake hugawanyika. Yale yanayoanguka upande wa magharibi hushuka katika ziwa Kivu na mto Ruzizi, huingia ziwa Tanganyika, kisha kwa njia ya mto Lukuga huufikia mto Kongo. Yale yanayoanguka upande wa mashariki huifuata mito ya Nyabarongo na Akagera mpaka ziwa Victoria, na kutoka huko huwa mto Nili. Maji hayo husafiri siku nyingi kwenda kaskazini, hata yafike nchi ya Misri na bahari ya Mediteranea.

Zamani sana mtu mmoja alitaka kuyatawala maji ya Nili. Alishindwa, na kwa kushindwa kwake aliogopa kuuawa. Lakini katika kifungo chake aliielewa nuru kuliko watu wote waliomtangulia. Mtu huyo ni Ibn al-Haytham.

2. Kijana wa Basra

Ibn al-Haytham alizaliwa karibu mwaka 965 katika mji wa Basra, nchi ya Iraki. Basra ulikuwa mji wa wafanya biashara na mabaharia, na vyombo vya nchi zile vilifika hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Palikuwa na vitabu vingi na walimu wengi. Kijana huyo, aliye Mwislamu, alijifunza hesabu, vipimo vya maumbo, na mwendo wa nyota. Alisoma vitabu vya Wagiriki wa kale vilivyogeuzwa katika lugha ya Kiarabu. Sifa yake ikaenea mbali.

Siku zile nchi ya Misri ilikuwa na taabu moja kubwa. Kila mwaka mto Nili ulifurika. Maji yakizidi, mashamba na nyumba viliharibika. Maji yakipungua, nafaka haikuota na watu walikufa kwa njaa. Ibn al-Haytham, akiwa bado mbali, aliwaza ya kuwa mtu mwenye akili angeweza kujenga kitu cha kuzuia maji ya mafuriko na kuyafungulia wakati wa ukavu. Wanahistoria wa kale wanasimulia ya kuwa neno hilo lilifika masikioni mwa mtawala wa Misri, khalifa al-Hakim. Naye akamwita aje.

3. Mbele ya mtawala mkali

Al-Hakim alianza kutawala mwaka 996, akiwa mtoto wa miaka 11. Alipenda elimu: mwaka 1005 alifungua katika mji wa Kairo nyumba ya elimu yenye vitabu vingi. Lakini alikuwa mkali, na moyo wake uligeuka-geuka kama upepo. Aliamuru mbwa wauawe. Alikataza watu wasile mboga ya mlenda. Mawaziri wake wengi waliuawa, na aliyepata heshima leo hakujua kama kesho ataamka salama.

Inasimuliwa ya kuwa khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji kumpokea mgeni wake. Akampa watu na mali kwa safari. Wakaenda kusini, wakifuata mto, mpaka karibu na Aswan, mahali ambapo Nili hupita kati ya miamba.

Njiani Ibn al-Haytham alitazama majengo ya Wamisri wa kale, ambayo mawe yake yalichongwa na kupangwa kwa vipimo vya ajabu. Moyo wake ukaanza kushtuka. Watu hawa, aliwaza, walikuwa mafundi hodari. Kama mto huu ungeweza kuzuiwa kwa nguvu za watu na mawe, bila shaka wangekwisha kuuzuia wao. Alipofika penye miamba akapachunguza vema. Akaona ya kuwa kazi ile haiwezekani.

Basi, sasa alikuwa na njia mbili. Angeweza kudanganya, aanze kazi na kula mali ya mtawala mwaka baada ya mwaka. Au angeweza kurudi na kusema kweli mbele ya mtu asiyeona vigumu kuua. Ibn al-Haytham alirudi Kairo akasema kweli: ameshindwa.

Hakukosa akili alipowaza juu ya boma la Nili. Nguvu za wakati wake ndizo zilizokuwa hazitoshi. Miaka karibu 900 ilipita kabla boma la kwanza la Aswan halijamalizika, mwaka 1902. Na boma kubwa zaidi lilimalizika mwaka 1970.

Khalifa hakumwua. Alimpa kazi ya ofisi. Lakini Ibn al-Haytham alijua ya kuwa hasira ya al-Hakim inaweza kulala, kisha ikaamka. Kuiacha kazi hakuthubutu, na kukaa karibu na khalifa aliogopa. Basi akajifanya mwenye wazimu. Mali yake ikachukuliwa, naye akafungiwa ndani ya nyumba yake. Akakaa hivyo mpaka khalifa alipotoweka, mwaka 1021. Usiku mmoja al-Hakim alipanda punda, akaenda vilimani nje ya mji, wala hakuonekana tena.

4. Taa na tundu dogo

Mtu aliyefungwa peke yake huweza kukata tamaa. Ibn al-Haytham alitumia akili yake, na inasimuliwa ya kuwa ni katika miaka hiyo alipoandika kitabu chake kikubwa juu ya nuru na macho.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini neno la ajabu. Walisema ya kuwa jicho hutoa miali, na miali hiyo huenda kuvigusa vitu kama mtu apapasaye kwa fimbo. Ndivyo walivyofundisha Wagiriki wakuu Euclid na Ptolemy, na majina yao yaliheshimiwa kwa mamia ya miaka. Nani angethubutu kuwapinga?

Ibn al-Haytham hakuuliza nani alisema. Aliuliza kama ni kweli. Alifikiri hivi: mtu akilitazama jua, macho humwuma, na akiyafumba, bado huona alama ya mwangaza kwa muda. Basi kuna kitu kinachotoka nje na kuingia katika jicho, hata kuliumiza. Kitu hicho ni nuru. Jua hutupa nuru juu ya mti, nuru hutoka katika kila sehemu ya mti kwenda pande zote, na ile inayoingia katika jicho ndiyo inayotuonyesha mti.

Tena hakutosheka na mawazo matupu. Alifanya jaribio. Alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo. Nje ya tundu alipanga taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, juu ya ukuta, yakaonekana madoa ya nuru, sawasawa na hesabu ya taa. Akaifunika taa moja: doa moja likapotea, mengine yakabaki. Akaifunua: doa likarudi mahali pake. Taa ya kushoto ilitoa doa upande wa kuume, na ya kuume upande wa kushoto.

Neno gani lilionekana hapo? Kwanza, nuru huenda kwa njia iliyonyoka. Pili, nuru za taa nyingi zilipita pamoja katika tundu moja, zikapishana, wala hazikuchanganyika. Taa chache na ukuta mmoja vilitosha kumfundisha mambo ambayo vitabu vingi havikuyajua.

Alichunguza pia jinsi nuru inavyopinda. Watoto wa Muhumba wanajua ya kuwa kasia likitiwa majini huonekana kama limevunjika. Mtoto anaweza kuona neno hilo hata nyumbani. Aweke kifungo cha shati ndani ya bakuli. Arudi nyuma pole pole mpaka ukingo wa bakuli ukifiche kifungo, kisha asimame pale pale. Mwenzake amimine maji polepole, bila kukisogeza kifungo. Kumbe, kifungo kinaonekana tena! Nuru ikitoka majini na kuingia hewani hupinda, na hivyo hulifikia jicho. Ibn al-Haytham alieleza ya kuwa nuru huenda pole pole zaidi ndani ya kitu kizito kama maji au kioo kuliko ndani ya hewa.

5. Mwalimu maskini

Al-Hakim alipokwisha kutoweka, Ibn al-Haytham aliacha kujifanya mwenye wazimu. Watu wakaona ya kuwa akili yake ni timamu. Alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar katika Kairo, akafundisha, na kupata chakula chake kwa kunakili vitabu vya hesabu kwa mkono na kuviuza. Aliandika maandiko zaidi ya 90. Alikufa Kairo karibu mwaka 1040.

Neno moja alilifundisha kwa nguvu. Mtu anayetafuta ukweli asikubali maneno ya vitabu kwa sababu tu waandishi wake ni wakubwa. Ayapime. Tena ajishuku yeye mwenyewe, kwani hata yeye anaweza kupotoka.

Na kweli, yeye pia alikosea. Alidhani ya kuwa jicho hupokea nuru katika sehemu yake ya mbele. Mwaka 1604 Mjerumani Johannes Kepler alionyesha ya kuwa picha hutokea nyuma, ndani kabisa ya jicho, nayo huwa imepinduliwa juu chini. Lakini Kepler alijifunza kutoka kwa watu waliokisoma kitabu cha Ibn al-Haytham. Kitabu hicho kiligeuzwa katika Kilatini karibu mwaka 1200, na Wazungu wakamwita mwandishi wake Alhazen. Kilisomwa na Roger Bacon, mtawa Mfransisko wa Uingereza, na mwaka 1572 kilipigwa chapa katika mji wa Basel. Hivyo kazi ya Mwislamu wa Basra ilipokelewa na kuendelezwa na watawa Wakristo, maana ukweli hauna kabila.

6. Nuru katika siku zetu

Watu hawakuacha kuichunguza nuru. Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwa hesabu ya kuwa nuru inaweza kuamsha nuru nyingine iliyo sawa nayo. Tarehe 16 Mei 1960, katika Marekani, Theodore Maiman alitumia kijiti cha yakuti nyekundu, akatengeneza chombo cha kwanza kiitwacho leza. Nuru ya taa ya kawaida ni kama watoto wanaotoka shuleni, kila mmoja akikimbilia njia yake. Nuru ya leza ni kama askari wanaotembea kwa mstari, hatua zao zikiwa sawa. Kwa nuru hiyo waganga hutibu macho, na habari hupelekwa ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Mwaka 2009 nyuzi kama hizo, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa na Dar es Salaam.

Mwaka 2023 Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Walionyesha njia ya kufanya miale mifupi mno ya nuru. Gawanya sekunde moja katika vipande milioni moja. Gawanya kila kipande katika milioni tena. Kisha tena katika milioni. Kwa vipande vidogo hivyo ndivyo muda wa miale hiyo unavyohesabiwa. Kwa njia hiyo wataalamu huufuata mwendo wa elektroni, vitu vidogo sana vilivyomo katika kila kitu.

Hata nchi ya Kongo imeona ajabu ya nuru. Miji ya Kinshasa na Brazzaville inatazamana, lakini katikati yake mto Kongo unapita, mpana na wenye nguvu. Uzi wa kioo wa kuiunganisha ulipaswa kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2021 mafundi waliweka chombo kila upande, wakarusha mwali wa nuru juu ya mto, kilomita karibu 5 kutoka ng'ambo hata ng'ambo. Habari za maelfu ya watu zikavuka bila uzi wowote, kwa sababu nuru huenda kwa njia iliyonyoka, na ukungu mzito usipoizuia hufika.

Chini ya mwali ule hupita maji ya mto Kongo, na ndani yake yamo pia maji ya ziwa Kivu. Ibn al-Haytham alishindwa kuuzuia mto. Alikiri hivyo, ijapokuwa kukiri kulimtia hatarini. Mtu aliyekataa kudanganya juu ya maji, huyo ndiye aliyeweza kuaminiwa aliposema habari za nuru.

Maswali

1. Maji ya msitu wa Nyungwe huenda njia gani mbili?
2. Kwa nini Ibn al-Haytham alijifanya mwenye wazimu?
3. Taa moja ilipofunikwa, neno gani lilitokea ukutani? Tunajifunza nini?
4. Kepler alisahihisha kosa gani?
5. Fanya jaribio la kifungo na bakuli. Andika uliyoyaona kwa macho yako, si uliyoambiwa na mwenzako.